Upande wa Kushoto wa Picha

Kwa kazi mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari hapa Iringa. Lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa na kazi ya pembeni ambayo majirani zangu bado hawaielewi vizuri: nahukumu diski za filamu za zamani. Kuna mhariri mmoja Dar es Salaam anayeendesha ukurasa mtandaoni kwa ajili ya wapenzi wa sinema. Filamu ya zamani ikisafishwa na kutolewa upya ili watu waitazame nyumbani, yeye huitafuta diski yake na kunitumia. Naitazama mara mbili, halafu naandika. Siandiki kama hadithi ni nzuri au mbaya. Naandika kama walioitoa wameitendea haki: picha imekaaje, sauti inasikikaje, maandishi ya chini yametafsiriwa kwa uangalifu au yamelipuliwa. Mwishoni natoa alama, kila kipengele kati ya kumi.

Kazi hiyo niliianza kwa bahati tu, baada ya kumwandikia mhariri barua ndefu kulalamikia makala yake moja. Alinijibu kwa mstari mmoja: basi andika wewe.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, nilikwenda stendi kuchukua kifurushi chake nikakifungua palepale, mwavuli nimeubana kwapani. Kwenye jalada la diski kulikuwa na mwanamume mwembamba aliyeshika jiwe la kunolea. Nilimtambua kabla sijasoma chochote. Jina la filamu lilikuwa geni kwangu, kwa sababu kule Uyole nilikokulia haikuwahi kuitwa kwa jina lake. Sisi tuliiita Mnoa Visu. Na aliyekuwa akiitafsiri, kila ilipoonyeshwa, alikuwa baba yangu.

Siku za kazi Baba alikuwa ghalani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Alishona magunia ya mbegu, akabandika lebo, na mara nyingine akasafiri na lori kupeleka mbegu vijijini. Jumamosi na Jumapili mchana alivaa koti lake la kahawia akaenda kwenye banda la video nyuma ya soko. Lilikuwa banda la mabati lenye mabenchi, televisheni ya chogo juu ya meza ndefu, deki chini yake, na jenereta iliyowekwa mbali kidogo nje ili isimzidi sauti. Baba alisimama pembeni ya televisheni na maiki mkononi.

Filamu zilitoka Hong Kong, watu wake wakizungumza Kikantoni. Baba hakujua Kikantoni hata neno moja. Kanda zilikuwa na maandishi ya Kichina na ya Kiingereza chini ya picha, lakini zilikuwa zimenakiliwa kutoka kanda nyingine ambayo nayo ilinakiliwa kutoka nyingine, hadi herufi zikawa kama unga uliomwagika. Mwanzo na mwisho wa kila mstari ulikuwa umekatika. Kiingereza cha Baba kilikuwa cha darasa la saba, pamoja na kile cha lebo za magunia. Alikamata neno moja au mawili, akautazama uso wa mtu, kisha akasema.

Hadithi ya Mnoa Visu ni ya mtu anayerudi mjini kwake baada ya kufungwa miaka mingi kwa kosa la mwingine. Anazunguka mitaani na jiwe lake, akinoa visu vya wapishi, na wale waliomponza wanaanza kukosa amani. Kuna mapigano mengi, na banda zima lilikuwa linayajua kwa mpangilio wake. Lakini katikati ya filamu kuna mahali ambapo hapigani mtu. Mnoa visu anaingia jikoni kwenye nyumba yake ya zamani, anachukua bakuli, anasimama nalo, na anazungumza kwa muda mrefu. Kwenye kanda yetu alikuwa peke yake. Hakuna aliyemjibu wala aliyeonekana. Hivyo Baba aliamua kwamba mtu yule anazungumza na mke wake aliyekufa wakati yeye yuko gerezani.

"Mke wangu, umekula?" Baba alisema kwenye maiki. "Nimerudi. Najua nimechelewa. Nilisema nitawahi, njia ikanikatalia. Nimekuta watu wengine ndio wanaopika nyumbani kwangu. Nikawauliza uliko, wakaniangalia tu."

Hakuwa akiyasema yote kwa namna ileile kila mara. Wakati mwingine aliongeza habari za nguo, kwamba nguo zake bado zimeanikwa. Wakati mwingine alinyamaza katikati na kumwacha Mchina azungumze mwenyewe. Wanaume waliokuwa wakishangilia mateke dakika moja kabla walitazama chini.

Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliugua siku tatu. Baba alikuwa amekwenda na lori la mbegu hadi Idodi, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Simu za mkononi hazikuwepo. Alipofika nyumbani alikuta majirani wanapika uani na Mama ameshazikwa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mambo hayo mawili sikuyaunganisha. Nilikaa benchi la mbele nikamlilia mke wa Mchina. Niliona ni filamu ya huzuni, basi.

Niliikumbuka aibu hiyo nikiwa nimesimama pale stendi, na nikakumbuka aibu nyingine ya karibu zaidi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeandika makala kuhusu diski ya filamu nyingine ya Kikantoni. Kwa kutaka kuchekesha, niliweka aya moja kuhusu watafsiri wa mabanda ya video. Niliwaita waongo wenye maiki. Niliandika kwamba kizazi chetu kimekua kikisimulia hadithi ambazo hazikuwahi kuwepo, na kwamba sasa, kwa diski hizi safi, hatimaye tunaweza kujua ukweli. Wasomaji waliipenda aya hiyo kuliko makala nzima. Wiki hiyohiyo Baba alinipigia simu. Aliniuliza habari za shule na za mahindi yangu, halafu mwishoni akasema, "Nimeisoma ile uliyoandika. Kiswahili chako kizuri." Akaniaga. Nilibaki na simu mkononi nikijua kabisa nilichofanya. Sikumpigia kulizungumza. Tuliendelea kusalimiana kila wiki, na jambo lile likakaa kati yetu bila kuguswa.

Jumamosi niliitazama diski peke yangu, mezani kwangu, na daftari pembeni.

Kazi ilikuwa safi. Nilizoea kumwona mnoa visu akiwa na rangi ya kijivu na mikwaruzo usoni. Sasa niliona jasho kwenye shingo yake na uzi uliofumuka kwenye kola. Sauti ya kisu juu ya jiwe, ambayo Uyole ilikuwa mlio tu uliochanganyika na jenereta, sasa ilisikika kwa hatua zake, kwenda na kurudi. Na picha ilikuwa pana. Hilo ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Filamu ilikuwa imepigwa kwa upana wa ukumbi wa sinema, na waliotengeneza kanda za zamani walikata pande zote mbili ili ienee kwenye televisheni. Tulikuwa tumeangalia katikati ya filamu tu, miaka yote ile.

Ilipofika sehemu ya jikoni, mnoa visu alisimama palepale na bakuli lake. Upande wa kushoto kabisa wa picha, kwenye kigoda kando ya jiko, alikuwa amekaa mwanamke. Alikuwa hai. Alikuwa ni yule muuza mboga anayeonekana tangu mwanzo wa filamu, ambaye sisi tulidhani ni dada wa marehemu, kwa sababu Baba alimwita shemeji tangu mwanzo. Hakusema neno hata moja kwa sehemu yote ile. Alichambua mboga na kumpa mume wake mgongo, na mume aliongea na mgongo huo.

Kwenye nyongeza za diski kuna mahojiano na mpiga picha wa filamu, sasa mzee sana. Anasema walimweka mwanamke pembeni makusudi, kwa sababu mtu aliyeondoka miaka yote hiyo hana haki ya kumsogelea. Anasema ndiyo picha anayojivunia kuliko zote alizowahi kupiga.

Nilikaa nayo siku tatu. Ningeweza kuandika hukumu yangu na kuituma, na Baba angeisoma kwenye simu yake kama alivyosoma ile ya kwanza. Au ningeweza kutoitaja sehemu ya jikoni kabisa, jambo ambalo lingekuwa uongo kwa msomaji, maana hakuna mahali pengine kwenye diski hiyo ambapo kazi ya kurudisha picha inaonekana wazi zaidi. Mwishowe niliona kwamba Baba anastahili kuiona kwa macho yake kabla haijaandikwa popote. Jumapili iliyofuata niliondoka alfajiri, nikafika Uyole watu wanatoka kanisani.

Nyumbani nilimkuta Baba na Mama mdogo. Mama mdogo ni mke wake wa pili. Walioana nikiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mjane aliyeuza mchele sokoni, binti wa wafugaji waliotoka Usukumani wakahamia Usangu na ng'ombe wao. Alinilea bila makelele. Baada ya chakula alikaa karibu na dirisha na ungo wa mchele, akiondoa chuya na mawe, kwa sababu hajui kukaa bila kitu mikononi. Nje kulikuwa na ukungu na mvua nyembamba.

Niliunganisha kompyuta yangu na televisheni yao. Baba alivuta kiti karibu.

"Mnoa Visu," alisema picha ya mwanzo ilipotokea. "Hata sura yake sikuijua vizuri. Kumbe alikuwa kijana."

Nilipaswa kumwonya. Nilikuwa nimepanga maneno tangu basi lilipopita Makambako, lakini yalinishinda. Nilibonyeza tu.

Kwa saa nzima alifurahi. Alikumbuka kila pigano kabla halijaanza. Mara mbili au tatu midomo yake ilicheza bila sauti, na nikatambua kwamba anatafsiri. Kisha tukafika jikoni. Mnoa visu alichukua bakuli. Baba aliinama mbele, halafu kichwa chake kikageuka taratibu kushoto.

"Simamisha," alisema.

Nikasimamisha.

"Huyo ni nani?"

"Mke wake, Baba."

"Si yule muuza mboga?"

"Ndiye huyohuyo. Ndiye mke wake."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Hakufa," alisema.

"Hakufa. Amemkasirikia tu. Kwenye kanda alikuwa amekatwa. Walikata pembeni ili picha ienee."

Nilimsikia Mama mdogo akipeta mchele, mara moja, mbili. Kisha Baba akasema, bila kunitazama, "Kwa hiyo uliyoandika ni kweli. Waongo wenye maiki."

"Baba, sikukuandika wewe."

"Uliandika watafsiri wa mabanda. Mimi nilikuwa nani?"

Nilisema nisamehe, na sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Sikukasirika," alisema. "Kama ungekuwa umekosea ningekupigia siku hiyohiyo nikuambie umekosea. Nilikaa kimya kwa sababu niliona umepatia. Nilikuwa nakamata neno moja, mengine natunga. Hapo jikoni niliona neno la Kiingereza, kama kusema mtu ameondoka. Nikajua maana yake. Nikasema, huyu mkewe amekufa, hamna namna nyingine. Sikutafuta tena. Kanda ile nimeitafsiri mara ngapi, na sikutafuta tena."

"Mimi nilijua kuna mtu pale," alisema Mama mdogo.

Sote wawili tuligeuka. Alikuwa hajainua macho kwenye ungo.

"Ulijuaje?" Baba aliuliza.

"Kulikuwa na kiwiko. Pembeni huku. Kinaingia, kinatoka. Mtu anayechambua kitu. Nyie wanaume mlikuwa mnamwangalia anayeongea."

"Wewe ulikuwa unakuja bandani?" nilimuuliza. Kwa umri wangu wote sikuwahi kujua hilo. Wanawake hawakuwa wakiingia mle, isipokuwa wasichana wadogo kama mimi walioletwa na baba zao.

"Nilikuwa nasimama mlangoni. Jumapili nikifunga biashara. Sikuwa nafuata sinema." Alitoa jiwe dogo kwenye mchele akaliweka juu ya dirisha. "Siku ya kwanza nilipita tu, nikasikia mtu anasema, nimekuta wengine wanapika nyumbani kwangu. Nikasimama. Nikaona kile kiwiko. Nikasema, huyu baba hatafsiri, huyu anasema yake. Nikauliza watu, wakaniambia, huyo amefiwa na mkewe akiwa safarini. Basi nikawa nakuja."

"Na hukuniambia," Baba alisema. "Miaka yote tunakaa wote humu ndani."

"Ningekuambia kuna mtu pale, ungeacha kusema."

Baba aliitazama picha iliyosimama. Mwanamke wa kushoto alikuwa na jani mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka tisa niliwaza waziwazi jinsi ilivyokuwa kwake kushuka kwenye lile lori. Tulikuwa hatujawahi kuizungumza siku hiyo. Nilimwambia kwamba wakati ule nilidhani ni filamu.

"Ulikuwa mtoto," alisema.

"Nilikuwa nalia lakini sikujua namlilia nani."

"Mimi nilijua," alisema. "Nilikuona. Nyumbani ulikuwa hulii kabisa, ikanitia hofu. Ndiyo maana nikawa nakuchukua."

Mama mdogo aliinuka akaenda jikoni na ungo wake, akatuacha wawili. Sijui kama alifanya hivyo kwa makusudi. Nadhani ndiyo.

Baada ya muda Baba aliniomba niirudishe nyuma sehemu ile. Alitaka nimsomee maandishi ya Kiingereza, mstari mmoja mmoja, naye aseme kwa Kiswahili. Nilifanya hivyo. Tulikwenda polepole, nikisimamisha kila mahali. Mnoa visu halisi hakusema habari za nguo wala za watu wanaopika. Alisema paa linavuja. Alisema gerezani alijifunza kulala akiwa amekaa. Alisema hakutuma barua kwa sababu aliyekuwa akimwandikia barua alihamishwa chumba. Baba aliyasema yote kwa sauti ya chini, sawasawa na yalivyoandikwa, bila kuongeza kitu. Nilimsikia akitaka kuongeza na akijizuia. Mwishoni alisema, "Maneno ya kawaida haya."

"Ndiyo."

"Ni mazuri. Yangu yalikuwa mazito mno."

Nililala pale na kesho yake nikarudi Iringa. Nilimwomba mhariri anipe siku chache zaidi.

Kuna kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua. Maneno ya kwanza kabisa ya mnoa visu pale jikoni, kwenye maandishi ya chini, yalikuwa ni kumuuliza mkewe yu hali gani. Niliyarudia mara nyingi. Hayakukaa sawa na uso wake. Mtu aliyerudi baada ya miaka yote hiyo hawezi kuanza kama mgeni ofisini. Mjini Iringa kuna mama mmoja kutoka Guangdong mwenye duka la vigae na masinki. Amekaa Tanzania muda mrefu na Kiswahili chake kinatosha kubishana bei na fundi yeyote. Nilinunua vigae vya choo kwake wakati fulani, tukafahamiana. Nilimpelekea kipande kile kwenye simu, nikamwomba anisikilizie mstari mmoja tu.

Alisikiliza mara moja. "Hapa anauliza, wali umekula bado?" alisema.

"Si anauliza hali?"

"Hali ndiyo hivyo. Kwetu watu wazima wanasalimia hivyo, umekula bado. Lakini huyu anauliza kweli, ameshika bakuli." Alitazama tena. "Mke hajibu. Mbaya sana hiyo. Ukiulizwa umekula, unajibu hata kama umekasirika."

Nilisimama pale dukani kati ya masinki nikampigia Baba. Nilimwambia kwamba mstari wa kwanza diski imekosea, na yeye alipatia. Maneno yaleyale: umekula.

"Sikusoma popote," alisema.

"Sasa ulijuaje?"

"Alikuwa ameshika bakuli, mama. Mtu aliyeshika bakuli anauliza nini?"

Jioni hiyo niliandika. Nilisema picha imerudishwa kwa heshima, na nikaeleza juu ya upande wa kushoto, kwa sababu msomaji ana haki ya kujua kwamba kama aliitazama filamu hii kwenye kanda, kuna mtu hakuwahi kumwona. Nilisema sauti ni safi ila muziki wa mwisho umepandishwa kupita kiasi. Nyongeza niliisifu kwa ajili ya yule mpiga picha. Kwenye tafsiri niliandika kwamba kwa sehemu kubwa ni ya uaminifu na inasomeka, lakini mstari muhimu kuliko yote umelainishwa hadi ukapoteza wali wake, na kwamba mtafsiri mmoja wa banda la Uyole, asiyejua Kikantoni, akiwa na nusu ya picha tu mbele yake, aliupata kwa kutazama mikono. Halafu niliandika kwamba mtafsiri huyohuyo alikosea sehemu iliyobaki, na nikaeleza alikosea nini na kwa nini. Baba alikuwa ameniruhusu. Alisema niandike kosa lote, nisimfiche, ila nisiandike jina lake.

Aya yangu ya mwaka uliotangulia niliirudia kama ilivyokuwa na kusema kwamba niliiandika bila kufikiri. Kuwaita watu waongo ni rahisi ukiwa na picha nzima mbele yako.

Mhariri alinipigia. Aliona ni ndefu, na aliona si kazi ya ukurasa wake kuzungumzia familia za watu. Tulivutana. Alikata sehemu ya lori na Idodi, nikakubali, kwa kuwa hiyo haikuwa ya msomaji. Sehemu ya bakuli aliiacha.

"Lakini tafsiri hujaweka alama," alisema.

"Weka saba."

"Saba ya nani? Ya diski au ya mzee wako?"

Nilimwambia ya diski. Ya Baba nilikuwa siiwezi, na wala sikutaka kuijaribu. Nilipokuwa mdogo nilimpa kumi bila kujua ninachomhukumu nacho, na nilipokuwa mtu mzima nilimpa sifuri mbele ya watu, na mara zote mbili sikuwa nimemuuliza kitu.

Makala ilisomwa na wachache, wachache kuliko ile ya utani. Mtu mmoja aliandika chini yake kwamba naye alikulia na watafsiri wa namna hiyo, Ruaha Mbuyuni kwa wakulima wa vitunguu, na kwamba mpaka leo mama yake anaamini jambazi mmoja maarufu wa filamu alikuwa na shamba la vitunguu. Nilicheka peke yangu hadi machozi.

Makala ilipotoka, diski niliipeleka Uyole pamoja na deki ya kuichezea. Mama mdogo ananiambia Baba huiweka mchana akishamaliza kazi za bustani, anakaa na daftari la zamani la ghalani, na anaitafsiri kidogo kidogo kutoka mwanzo. Hatungi tena. Akikwama ananipigia. Jumapili iliyopita alinipigia kuhusu mpishi mmoja anayetokea kwenye filamu kwa dakika moja tu, mtu mnene anayeleta visu vyake vinolewe.

"Maandishi yanasema anamshukuru," alisema. "Lakini mimi nikimwangalia huyu mtu, hashukuru. Anamwambia kitu kingine. Hebu nenda kwa yule mama wa vigae ukamuulize."

Nilimwambia duka limefungwa Jumapili, nitakwenda kesho.

"Haya," alisema. "Mimi nipo, nasubiri."